Mkono Usiogusa

Fundi wa kurudisha barua pepe zilizofutwa hana cha kuanika mlangoni. Hapa Sombetini, Arusha, kila fundi ana kinachomtangaza. Seremala ametandaza vitanda mbele ya banda, mshonaji ametundika magauni, na gereji unaitambua kwa Land Cruiser zilizoinuliwa juu ya magogo zikisubiri springi. Yeye akimaliza kazi, kinachoonekana ni kwamba hakuna kilichotokea. Mhasibu anafungua kompyuta asubuhi, anakuta barua zake ziko pale pale, anashusha pumzi, anaagiza chai. Kufika mchana ameshasahau. Ukimuuliza fundi alifanya nini usiku kucha, atakwambia alikuwa anabonyezabonyeza tu.

Mimi nimeshakaa pembeni nikitazama kubonyezabonyeza huko, na nina neno la kusema: huo ni ufundi kamili, wenye miiko yake, na nusu nzima ya ufundi wenyewe ni kujua kutogusa.

Anayeidharau kazi hii hajui Arusha inakula nini. Mgeni anayetaka kuona nyumbu wakivuka Mto Mara mwezi Agosti huenda alianza kuandika barua mwaka mmoja kabla. Barua hiyo huzaa nyingine: bei, malipo ya awali, nakala ya pasipoti, saa ya ndege kutua KIA, mtoto asiyekula karanga, bibi asiyeweza kulala kwenye hema. Kampuni kubwa zina mifumo ya kutunza hayo. Kampuni ndogo, ile ya magari mawili inayoendeshwa kutoka chumba cha mbele cha nyumba ya familia, ina sanduku la barua pepe basi. Humo umo mkataba, humo kimo kitabu cha hesabu, humo imo kalenda.

Na ajali yenyewe ina msimu. Masika ikifika, Aprili na Mei, wageni ni wachache na ofisi zinapata muda wa kufanya usafi. Seva imekuwa ikituma onyo tangu Januari kwamba nafasi inakaribia kujaa. Kijana wa ofisi anaambiwa, “Hebu punguzapunguza hizo barua.” Anazipanga kwa ukubwa, anachagua za juu, anafuta. Hajui kwamba barua kubwa kuliko zote ni zile zenye viambatisho, yaani mikataba na pasipoti za wageni wa Julai.

Wakongwe wa intaneti mjini hapa wanakumbuka ajali ya aina nyingine. Wakati wa modemu za simu, kila dakika ya kuunganishwa ililipiwa, kwa hiyo watu walitumia mtindo wa POP: kompyuta inapiga simu, inazoa barua zote, seva inabaki tupu, simu inakatwa. Kompyuta ikiungua kwa umeme uliorudi kwa hasira, historia ya kampuni inaungua nayo. Mtindo wa IMAP, aliouanzisha Mark Crispin kwenye Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, ulikuja kugeuza mambo. Barua hukaa kwenye seva, na simu, laptopu na kompyuta ya ofisini zote husoma sanduku lile lile. Faida yake kila mtu anaijua. Hasara yake ni kwamba dereva aliyeko Karatu akifuta barua kwenye simu yake, imefutika na kwa bosi aliyeko Sombetini.

Lakini ndani ya IMAP kuna huruma iliyofichwa, na hapo ndipo fundi anapoanzia. Kufuta ni hatua mbili. Amri ya kwanza huweka alama tu kwamba barua hii imekusudiwa kufutwa. Barua yenyewe haijaguswa. Amri ya pili ndiyo inayoiondoa. Programu nyingine huificha barua mara tu inapowekwa alama, na mwenye nayo anaapa imepotea, kumbe ipo. Kati ya hatua hizo mbili inaweza kupita sekunde moja au ikapita miezi, kutegemea programu anayotumia mtu na mazoea yake.

Ukiingia ndani ya seva, unaiona huruma hiyo kwa macho. Seva nyingi huhifadhi barua kwa mpangilio uitwao Maildir, aliouasisi Daniel J. Bernstein, mwanahisabati wa Marekani, alipokuwa akiandika programu yake ya qmail miaka ya 1990. Kila barua ni faili moja, na jina la faili ni taarifa tosha kwa anayejua kulisoma. Linaanza na namba ndefu, ambayo ni hesabu ya sekunde tangu 1 Januari 1970 hadi barua ilipoingia. Ndani yake limo jina la mashine iliyoipokea. Mwishoni kabisa hupangwa herufi: S, imesomwa, R, imejibiwa, F, ni ya muhimu, T, imetupwa. Basi ni hiyo T. Mkataba wa dola elfu kadhaa umetenganishwa na mwenyewe kwa herufi moja mwishoni mwa jina, na fundi akiiondoa, barua inarudi. Nimemwona mteja akinuna kwa urahisi huo. Alitaka jambo gumu kidogo, ili bei aliyokwisha kuikubali ipate maelezo.

Seva iliyoandaliwa na mtu mwenye kuona mbali ina huruma zaidi. Dovecot, programu ya Mfini Timo Sirainen iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2002, ina kiongezo kinachohamishia barua zilizofutwa kwenye folda ya pembeni badala ya kuzimaliza. Gmail huiweka barua iliyotupwa siku 30 kwenye Tupio, na kwa akaunti za kazini msimamizi ana siku 25 nyingine baada ya hapo. Kwenye huduma ya Microsoft barua iliyotolewa hata tupioni hubaki siku 14 kwa kawaida, na msimamizi anaweza kuzifikisha 30. Fundi anazijua namba hizi kwa moyo. Ndiyo maana swali lake la kwanza kwa mteja si “zilikuwa ngapi?” wala “nani amefuta?” Ni “lini?”

Tuseme sasa hatua zote mbili zimepita na folda ya pembeni haipo. Faili limeondolewa kwenye diski. Hapa wengi hukata tamaa, wakiwemo watu wa IT wenye vyeti ukutani, na hukata tamaa mapema mno. Linux, mfumo unaoendesha seva nyingi, ikifuta faili haifuti maandishi yaliyomo. Inaondoa jina na kuandika kwamba nafasi ile iko wazi. Ni sawa na chumba cha kupanga kilichong'olewa jina mlangoni: kitanda kimo, sahani zimo, ila mwenye nyumba ameshatangaza kwamba chumba ni kitupu, na mpangaji mpya anaweza kuingia saa yoyote akatupa vyote nje. Mpangaji huyo ni nani? Ni barua yoyote itakayoingia. Ni kumbukumbu ambazo seva hujiandikia kila wakati. Ni programu ya uokoaji ambayo mtu mwenye hofu ameipakua na kuiweka kwenye diski ile ile anayotaka kuiokoa.

Kwa hiyo mwiko wa kwanza ni kuzuia mikono: ya mteja, ya kijana wa ofisi, na ya fundi mwenyewe. Diski inafungwa isiandikwe kitu, kisha inanakiliwa yote, hata zile sehemu zinazoonekana tupu, kwenye diski nyingine. Kazi yote hufanyika juu ya nakala. Kunakili terabaiti moja huchukua saa kadhaa, na umeme hauna habari na kazi yako, kwa hiyo betri ya akiba lazima iwe imejaa. Mteja anamwona mtu ameketi anatazama namba zinazopanda polepole, na hapo ndipo anapotaka kitu kifanyike, chochote, tuzime, tuwashe, tujaribu kuingia tena. Fundi mzuri anamtuma akanywe supu.

Hata kuzima mashine si jambo la kukurupukia. Kama kuna programu ambayo bado imelishikilia faili lililofutwa, Linux huliacha hai hadi programu hiyo ifungwe, na fundi anaweza kulinakili kupitia programu hiyo ingawa jina lake halipo tena popote. Ukiwasha mashine upya, umeliua kwa mkono wako. Lakini kuna siku nyingine ambapo usalama pekee ni kuchomoa waya wa umeme bila kusubiri. Kutofautisha siku hizo mbili katika dakika za mwanzo, ukiwa kwenye simu na mtu anayetetemeka sauti, ndiyo alama ya aliyebobea.

Diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka zimeongeza ukatili. Zina amri iitwayo TRIM, ambayo mfumo huitumia kuieleza diski ni nafasi zipi hazina mwenyewe, na diski huzisafisha ili baadaye iandike haraka. Linux za ukoo wa Ubuntu huituma amri hiyo mara moja kwa wiki, na kwa kawaida ni usiku wa kuamkia Jumatatu. Hebu pima mwenyewe. Kijana amefuta Ijumaa jioni, ofisi imefungwa, Jumamosi ni harusi, Jumapili ni ibada na nyama choma. Jumatatu asubuhi wanagundua. Fundi aliyepigiwa simu Jumapili mchana huenda angezikuta zote. Wa Jumatatu anakuta sifuri zilizopangwa mstari kwa mstari.

Kabla ya diski kuna mahojiano, na Waswahili walishasema mficha uchi hazai. Mteja anasema, “Sikufanya kitu, zimepotea zenyewe.” Fundi haamini, wala habishi. Anasoma kumbukumbu za seva, kama mtu alikumbuka kuziwasha, na humo anakuta saa, kifaa na kitambulisho cha kila barua iliyoondolewa. Seva haina undugu na mtu. Fundi mwenye adabu, hata hivyo, hasomi jina la aliyefuta mbele ya bosi. Anasema tu, “Zilifutwa juzi jioni, tuanzie hapo,” na kijana wa ofisi, aliyekuwa amejibanza karibu na jokofu la maji, anapata rangi yake.

Ikifika hatua ya kuchambua diski isiyo na majina ya faili wala folda, kazi inageuka kuwa usomaji, na hii ndiyo sehemu niipendayo kuliko zote. Zana zipo. Ipo extundelete, inayopekua daftari la ndani la mfumo wa ext4 kutafuta faili lilikuwa limelala wapi. Ipo PhotoRec ya Mfaransa Christophe Grenier, iliyoanza kwa ajili ya picha ikaishia kutambua mafaili ya mamia ya aina. Lakini zana haijui barua ipi ina uzito. Fundi anajua kwamba barua pepe ina sura yake: juu kabisa mistari ya njia iliyopita, kutoka seva hadi seva, kila kituo na saa yake, kisha nani kamwandikia nani, kisha kitambulisho cha pekee kisichorudiwa duniani, kisha mstari mtupu, kisha maneno. Anaitafuta mistari hiyo ya juu katikati ya mabilioni ya herufi, anakata pale barua inapoanza, anakadiria inapoishia.

Viambatisho havisomeki na mtu wa kawaida, maana vimegeuzwa kuwa herufi za kusafiria, mstari baada ya mstari usio na maana. Jicho lililozoea linaona. Kinachoanza na JVBERi0 ni PDF, basi huenda ni mkataba. Kinachoanza na /9j/ ni picha ya JPEG, basi huenda ni pasipoti. Nilipomwona fundi akiteremsha kurasa za herufi zisizo kichwa wala miguu, kisha akasimama ghafla na kusema, “Mkataba huu hapa,” nilijua nimeketi na msomi.

Zikipatikana, hazimwagwi sandukuni. Anazipanga kwenye folda mpya ya pembeni, anaondoa zilizojirudia kwa kulinganisha vile vitambulisho, kisha anamwachia mwenyewe achague za kurudisha. Wasiojua huruka hatua hii, na mteja anaamka na barua ileile mara nne.

Nisiwadanganye kwamba seva zote ziko karibu. Kampuni nyingi za hapa hukodi nafasi Ujerumani au Marekani, na fundi wa Sombetini huenda akafanya kazi usiku mzima juu ya diski ambayo hataigusa maisha yake yote. Akiwa na seva nzima ya kukodi anaweza kuiwasha kwa mfumo wa uokoaji na kufanya uchambuzi huko huko. Lakini kama mteja amekodi kona ya seva inayochangiwa na mamia ya watu wengine, kwa bei ya chini kuliko zote aliyoiona, diski haruhusiwi kuiona kabisa. Kinachobaki ni kumwandikia mwenye seva na kuuliza kama anayo nakala ya jana. Katika kesi hizo ufundi ni kuandika barua ya heshima, haraka.

Neno nakala linanipeleka Washington. Novemba 1986, mwaka ule ule wa IMAP, kashfa ya kuiuzia Iran silaha kwa siri ilipopasuka, ofisa wa usalama Oliver North na bosi wake John Poindexter walifuta jumbe zao kwenye mfumo wa barua wa Ikulu ya Marekani, uliotengenezwa na IBM. Waliamini wamemaliza. Wachunguzi walizikuta kwenye kanda za nakala ambazo mafundi wa kompyuta walikuwa wakizitengeneza kama kazi ya kila siku, bila kumlenga mtu. Januari 1989, Rais Reagan akikaribia kuondoka, ilifunguliwa kesi kuzuia kanda hizo zisifutwe, na mwaka 1993 mahakama ya rufaa ikakubali kwamba barua pepe za serikali ni nyaraka za serikali. Historia nzima imesimama juu ya fundi asiyejulikana aliyebadilisha kanda kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Google walifundishwa somo lao Februari 2011. Kosa kwenye programu ya hifadhi lilifanya asilimia 0.02 ya watumiaji wa Gmail wafungue masanduku na kuyakuta matupu. Kampuni ilikuwa na nakala kadhaa kwenye vituo tofauti, na kosa lilizifuata huko. Kilichookoa ni kanda za sumaku zilizokaa nje ya mtandao, ambako kosa halikuweza kufika. Ninapomsikia mtu wa Arusha akisema hana haja ya nakala kwa sababu “kila kitu kiko mtandaoni,” huwa namtajia mwaka huo tu.

Kuna na nakala nyingine, ambayo watu huisahau kabisa kwa kuwa haiko kwao. Barua ina wenyewe wawili: aliyeituma na aliyeipokea. Miongoni mwa barua za Kiswahili za kale kuliko zote tunazozijua ni zile zilizotoka Kilwa kuanzia mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu, zikiwemo za Mwana Mfalme Fatima. Leo ziko Goa, India, kwenye hazina ya nyaraka za Wareno. Zimetufikia kwa sababu aliyepokea alitunza. Fundi aliyeshindwa kila mahali humwambia mteja awaandikie wageni wake, kwa unyenyekevu, wamrudishie nyuzi za mazungumzo kama viambatisho kamili, ili tarehe na njia zake ziwe zile za asili. Watu wanaona aibu kuomba hivyo. Mgeni wa Hamburg haoni kitu cha ajabu. Anatuma jioni ile ile.

Arusha, kwa bahati, ni mji wa nyaraka. Umoja wa Posta Afrika uliasisiwa hapa mwaka 1980 na makao yake yako hapa. Lakilaki, nje kidogo ya mji, zimetunzwa kumbukumbu za Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyofungwa mwishoni mwa 2015. Majengo hayo yana walinzi, viyoyozi na bajeti. Nyaraka za mwenye magari mawili zina fundi.

Na fundi huyo anaona mambo. Katika kutafuta mkataba mmoja atapita kwenye mshahara wa kila mtu, majibu ya hospitali, ugomvi wa ndugu juu ya kiwanja, mapenzi ambayo hayakupaswa kuwa kwenye anwani ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inambana kila anayeshika taarifa za watu, yeye akiwemo. Ila adabu ya kazi hii inataka zaidi ya sheria: asome mistari ya juu tu, na akipata alichotumwa aache kusoma. Siku ikitokea mteja amwombe barua za mfanyakazi ambazo hazihusiani na ofisi, akatae, hata kama fedha iko mezani. Na kazi ikiisha, ile nakala ya diski aiharibu mteja akiona. Huo ni mkono uleule usiogusa. Ninawapima mafundi kwa hilo kabla sijawapima kwa zana zao, na wapo vijana stadi sana ambao nisingewapa hata simu yangu iliyopasuka kioo.

Wewe mwenye kampuni, muulize leo anayekuhifadhia barua mambo matatu: zikifutwa zinakaa siku ngapi, nakala iko wapi, na mara ya mwisho mtu kujaribu kuirudisha ilikuwa lini. Majibu yaandike kwenye karatasi, si kwenye barua pepe. Siku ikitokea, toa mkono kwenye kipanya na umpigie fundi, hata kama ni Jumapili. Na umlipe hata akikwambia hakuna kilichopatikana, maana kazi aliyoifanya ni ile ile.